Mazishi ya Askari Asiye na Jeshi

 

Anayetoka hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwenda mjini Lilongwe anaijua njia. Unafika barabara kuu ya M1, minibasi inaelekea kusini, na pale Lumbadzi inachepuka njia ya kwenda uwanja wa ndege wa Kamuzu. Wengi wetu hatuna shughuli uwanjani hapo. Lakini ziko siku ambazo uwanja ule unatuhusu sisi wa Dzaleka kuliko tunavyodhani, nazo ni siku ambazo ndege inatua na majeneza ya askari wa Malawi waliofia Kongo. Ilikuwa hivyo Novemba 2018, baada ya mapigano ya Beni. Ikawa hivyo tena Februari 2025, ilipoletwa miili ya askari waliouawa mwezi Januari katika vita vya Sake na Goma wakiwa kwenye kikosi cha SADC. Jeneza linafunikwa bendera: nyeusi, nyekundu, kijani, na lile jua linalochomoza. Wenzake wanalibeba kwa hatua za taratibu. Baadaye, makaburini, risasi zinafyatuliwa hewani, tarumbeta inapulizwa, bendera inakunjwa na kukabidhiwa familia.

Mmoja wa waliokufa 2018 ni Praiveti Chancy Chitete. Alikuwa katika kile kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa kilichoundwa mwaka 2013, chenye askari wa Malawi, Tanzania na Afrika Kusini. Walikuwa Kididiwe, eneo la Beni, wakipambana na waasi wa ADF. Katikati ya risasi, Koplo Ali Khamis Omary wa Tanzania alijeruhiwa, hawezi kusogea. Chitete akarudi, akamvuta hadi mahali penye kinga, akaanza kumfunga jeraha, na hapo ndipo risasi ikampata yeye. Koplo alipona. Mei 2019 familia ya Chitete ilipokea New York medali ya ushujaa iliyopewa jina la Kapteni Mbaye Diagne, yule Msenegali aliyewaficha na kuwavusha watu Kigali mwaka 1994 hadi alipouawa. Wapo wasikilizaji wangu waliozaliwa Beni, na wapo waliookoka Kigali. Majina ya miji hiyo miwili si mageni masikioni mwenu.

Nimeanza na Chitete kwa sababu ya mzee mmoja wa hapa kambini ambaye amenifanya nishindwe kuzungumzia jambo lingine wiki hii. Ni mwenye ulemavu. Mguu wake wa kushoto umeishia juu ya goti. Vijana wa mtaa wake humwita Afande, naye huitikia. Sitataja nchi yake, wala jeshi lake, wala mwaka aliojeruhiwa. Mnaoishi hapa mnajua kwa nini, na wa nje niwaambie tu kwamba katika kambi hii, ambamo zaidi ya watu elfu hamsini wamebanana mahali palipokusudiwa watu elfu kumi na kitu, majirani wawili wanaochota maji bomba moja wanaweza kuwa walitoka pande mbili za vita ile ile.

Mzee huyu anapanga mazishi yake mwenyewe. Anayataka yawe ya kijeshi.

Ameyaandika kwenye karatasi mbili za daftari la shule, kwa biro ya buluu, kwa ile hati ya watu waliofundishwa kuandika ripoti: kila kifungu na namba yake, kila sentensi fupi. Amenipa ruhusa niyasome hewani bila jina. Anataka wabebaji sita wa kimo kinacholingana, ili jeneza lisiinamie upande mmoja. Anataka avikwe shati jeupe lililopigwa pasi, kwa maana kombati aliivua kabla ya kuvuka mpaka na hakutaka kuiona tena. Pale ambapo askari mwingine angewekewa kofia na mkanda juu ya jeneza, yeye anataka yawekwe magongo yake mawili, yamepishana. Kaburi likishafunikwa, magongo yasizikwe wala yasigawiwe ndugu. Apewe mtu wa mguu mmoja ambaye hana, bila kuuliza ametoka nchi gani.

Tarumbeta apulize kijana wa kwaya anayemjua. Kisha inakuja sehemu ya risasi. Anajua hakuna atakayefyatua risasi Dzaleka kwa ajili yake, na wala hataki. Ameandika kwamba badala ya mikupuo mitatu, watu wote watakaokuwepo wenye miguu miwili wapige mguu chini mara tatu kwa pamoja, kama askari wanavyosimama kwenye kwata. Nilipofika kwenye mstari huo nilinyamaza kidogo. Aliniangalia akasema, "Waupige kwa nguvu. Nitausikia."

Kifungu cha bendera kimekatwakatwa. Aliandika neno, akalifuta, akaandika lingine, akalifuta nalo, na sasa pamebaki mistari ya biro iliyokaribia kutoboa karatasi.

Nimewasikia watu wakisema mzee huyu akili zimemruka. Wengine wanasema anajiitia kifo, maana kwetu mtu hapangi matanga yake akiwa anakula na kulala vizuri. Wako wanaosema maneno mazito zaidi, kwamba mambo ya gwaride na saluti ndani ya kambi ni hatari, yataamsha yaliyolala. Hao wa mwisho nawajibu kwanza, kwa sababu hoja yao ina uzito.

Hifadhi ya ukimbizi imejengwa juu ya jambo moja: kambi ni mahali pa raia. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa mwaka 1969, ambao nchi zetu zimeusaini, unasema kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu, na unamkataza mkimbizi kufanya uchochezi dhidi ya nchi nyingine. Mwaka 2002 Kamati Tendaji ya UNHCR ilitoa hitimisho namba 94 juu ya jambo hili hili: mpiganaji hahesabiwi kuwa mwomba hifadhi mpaka ithibitike kwamba ameacha silaha kwa dhati na moja kwa moja. Kwa hiyo mtu aliyewahi kuwa askari na sasa ni mkimbizi amepita mlango mwembamba. Ameapa mara mbili katika maisha yake. Mara ya kwanza aliapa kubeba silaha, mara ya pili kutozishika tena. Nami nasema wazi: kombati, bunduki ya mbao, nyimbo za jeshi, matamko ya ushindi, hayo yote yasiingie kwenye mazishi yoyote ya Dzaleka. Mama aliyekimbia watu wenye sare asilazimishwe kuiona sare jirani na mlango wake, hata kama aliyemo jenezani ni mtu mwema.

Lakini isomeni tena karatasi ya mzee. Amekwisha kuyaondoa hayo yote mwenyewe. Kilichobaki ni shati jeupe, magongo, tarumbeta ya kwaya na vishindo vitatu vya miguu. Aliyeogopa kwamba mzee anataka kurudisha vita hajaisoma.

Nirudi kwenye bendera, maana hapo ndipo penye mfupa mgumu. Heshima ya kijeshi hutolewa na dola. Dola ndiyo yenye bendera, ndiyo yenye bunduki za kufyatua, ndiyo inayojua namba yako ya jeshi. Sasa askari aliyeikimbia dola yake afunikwe na nini? Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mtu aliapa chini ya bendera ya Zaire, ile ya kijani yenye mkono ulioshika mwenge. Bendera hiyo ilishushwa Mei 1997. Ikaja ya buluu yenye nyota, na tangu 2006 iko ya samawati yenye mstari mwekundu wa mshazari. Tuseme mwingine aliapa Rwanda kabla ya 1994. Bendera yake nayo ilibadilishwa mwaka 2001. Tuseme wa tatu alikuwa katika jeshi la Burundi la kabla ya makubaliano ya amani; jeshi lile lilivunjwa likaunganishwa na waliokuwa wakipigana nalo. Mtu anaweza kupoteza mguu chini ya kitambaa ambacho leo hakipandishwi mlingoti wowote duniani. Ndiyo maana mzee aliandika akafuta, akaandika akafuta.

Na wala hili si tatizo la askari wadogo peke yao. Mobutu Sese Seko, aliyekuwa rais wa Zaire, alijipa cheo cha Marshali, cheo cha juu kuliko vyote. Alifariki Rabat, Morocco, tarehe 7 Septemba 1997, miezi michache baada ya kuondoka Kinshasa, akazikwa huko huko. Idi Amin wa Uganda, aliyeanzia kazi katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, alifariki Jeddah Agosti 2003 na amelala kwenye makaburi ya watu wa kawaida wa mji ule. Meja Pierre Buyoya, aliyeitawala Burundi mara mbili, alifariki Desemba 2020 akazikwa Bamako, Mali. Siwahukumu hapa, na kati yenu wapo wenye mengi ya kuwadai watu hao, tena kwa haki. Ninachosema ni kwamba wote watatu waliwahi kukagua magwaride ya maelfu ya askari, na hakuna jeshi la nchi yake lililopanga mstari kaburini kwa mmoja wao. Dola ikikukataa, cheo hakikufuati ng'ambo ya mpaka.

Dola pia hutoa heshima hiyo kwa imtakaye. Hapo Lilongwe, jirani na Bunge, kuna kaburi la fahari la rais wa zamani, Kamuzu Banda. Hakuwa askari, alikuwa daktari. Alikuwa ameshaondoka madarakani kwa kura mwaka 1994, na bado alipofariki Novemba 1997 nchi yake ilimzika kwa heshima za kijeshi, chini ya serikali ya watu waliomshinda. Ni katika utawala wake hapa Dzaleka palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Wamalawi walikuwa na sababu zao za kumzika hivyo, na mimi naziheshimu. Natamani tu mwenye kupita pale aelewe kwamba saluti ya mazishi haipimi mateso ya mtu. Inapima uhusiano wake na serikali iliyopo siku anayokufa.

Sasa kuhusu kujipangia. Wanaosema ni uchuro nawakumbusha jambo lililotokea Kenya. Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi, alifariki kwa ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024. Familia yake ikasema alikuwa ameacha maagizo: azikwe ndani ya saa 72, na azikwe bila jeneza. Watu walishangaa, maana kwa cheo kile na kwa desturi za Waluo walitegemea matanga ya wiki nzima na zaidi. Lakini tarehe 21 Aprili alikuwa amekwisha kuzikwa kwao Siaya, kama alivyotaka, na heshima zake za kijeshi akapewa. Jenerali aliyekuwa na haki ya kila kitu alijipunguzia. Mzee wetu hana haki ya chochote, na naye amejipunguzia hadi kwenye vitu ambavyo jirani anaweza kumpa. Mimi naona ni busara ile ile.

Kuna jambo kubwa zaidi chini ya hili, nalo ni jina.

Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa pia katika ardhi hii. Septemba 1914 kulikuwa na mapigano Karonga, kaskazini mwa nchi. Askari wa Nyasaland, kama Malawi ilivyoitwa wakati huo, wa King's African Rifles walipigana kwa miaka minne wakimkimbiza Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck hadi Msumbiji na kurudi, na nyuma yao walitembea wapagazi, tengatenga, maelfu kwa maelfu, wakibeba unga, risasi na majeruhi kichwani na begani. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa njaa. Vita ilipokwisha, waliokuwa na ngozi nyeupe walikumbukwa kwa majina yao. Waafrika wakajengewa sanamu. Ziko Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, sanamu nzuri za shaba, na hazina jina hata moja. Aprili 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri: askari na wapagazi wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume ikaomba radhi, miaka zaidi ya mia moja baadaye.

Vita ya Pili haikuwa tofauti sana kwa waliorudi hai. Vijana wa Nyasaland walipelekwa hadi Burma. Mwaka 2019 zikatoka hadharani karatasi za serikali ya Uingereza zilizoonyesha kwamba kiinua mgongo cha askari Mwafrika kilikuwa kama theluthi ya kile cha mzungu wa cheo kile kile. Na kuna mzee mmoja ambaye habari yake inanigusa kila nikiikumbuka. Novemba 2023 Mfalme Charles wa Uingereza alifika kwenye makaburi ya Kariokor, Nairobi, akawapa wazee wachache wa King's African Rifles medali mpya badala ya zile walizopoteza. Mmoja wao, Samweli Nthigai Mburia, mwenye umri uliotajwa kuwa miaka 117, alikuwa ameziharibu za kwanza mwenyewe wakati wa vita vya Mau Mau, kwa hofu ya kuonekana nazo. Fikirini mtu anayelazimika kuharibu ushahidi wa ujana wake ili aishi. Dzaleka ina watu wa namna hiyo wengi kuliko mnavyofikiri. Vitambulisho vilichomwa, picha zilichanwa, sare zilifukiwa shimoni usiku. Wameishi, lakini hakuna karatasi inayosema walikuwa nani.

Nilimuuliza mzee, kwa heshima, kwa nini basi asiyaache hayo yapite, azikwe kama baba wa familia tu. Hakunijibu. Alinipa karatasi ya pili nisome chini kabisa. Kifungu cha mwisho kinasema kwamba likisomwa jina lake lisomwe na jina la koplo aliyembeba. Siku aliyokanyaga bomu la kutegwa ardhini, koplo huyo alimbeba mgongoni tangu mchana hadi giza likaingia. Alimfikisha kwa wauguzi, akarudi kuwafuata wengine, na hakuonekana tena. Hakuna kaburi. Mama yake koplo alishafariki. Watoto hakuwa nao. "Mimi nikifa," mzee alisema, "hakuna mtu mwingine aliye hai anayelijua jina lake."

Kumbe haya mazishi ni ya watu wawili. Ndipo nilipoelewa ugomvi wake na ile bendera. Hakuwa akitafuta ya kujifunika mwenyewe.

Wasikilizaji, Chitete alimvuta koplo wa Tanzania, na dunia ikalijua jina la Chitete, na ni vyema sana. Koplo wa mzee wetu alifanya jambo lile lile kwenye vita ambayo hakuna mtu anayetaka kuikumbuka, katika jeshi ambalo halipo. Ushujaa wa kumbeba mwenzako aliyejeruhiwa hauna upande. Hata aliyekuwa adui yake, akisikia, atavua kofia.

Hapa wilayani Dowa tuko kwenye ardhi ya Wachewa, na wao wanajua kuzika. Tumewaona. Amfumu, yaani chifu, anatoa ruhusa na mahali, adzukulu wanachimba kaburi na hawaondoki mpaka kazi iishe, na akizikwa mtu wa chama cha nyau, ngoma yao ya gule wamkulu inachezwa, na hakuna serikali inayoombwa kibali cha kumpa mtu heshima yake. Jamii yenyewe ndiyo inayosema huyu alikuwa wetu. Sisi tumekaa kwao tangu 1994 na bado tunadhani heshima lazima ishuke kutoka ofisini.

Niseme pia la mguu, maana mtu asiyejali mguu wa mzee akiwa hai asije na tarumbeta siku ya maziko. Katika Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe, kuna kituo kinachotengeneza miguu ya bandia. Safari yenyewe ni kilomita arubaini na kitu. Lakini kwa mtu wa magongo safari hiyo ina mambo yake: kwanza ruhusa ya kutoka kambini, kisha nauli ya kwenda na kurudi zaidi ya mara moja, kwa kuwa kigutu hupimwa, mguu hujaribiwa, hurekebishwa, kisha mtu hufundishwa kutembea upya. Tangu msako wa mwaka 2023, watu waliokuwa na maduka na nyumba mjini waliporudishwa kambini kwa nguvu, jamaa wengi waliokuwa wakiwapokea wagonjwa huko Lilongwe hawapo tena. Mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa, na anayepata nusu ya mgao hatoi nauli ya minibasi. Mzee wetu alipimwa zamani, akapata mguu, ukamchubua kwa sababu kigutu kilikonda, na sasa umeegemezwa ukutani nyuma ya mlango. Nimeuona. Kiatu chake bado kimepigwa rangi.

Siku za mgao namuona mtu kama yeye amesimama juani kwenye foleni pamoja na vijana wenye nguvu. Kuna utaratibu wa kuwatanguliza wenye ulemavu, lakini utaratibu hufanya kazi pale ambapo aliyeko mbele anasogea. Kusogea hakuhitaji mradi wala mfadhili.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na viongozi wa mitaa, wachungaji, mashehe na mapadre mnaonisikiliza naomba mniwie radhi nikiwaelekea ninyi hasa. Mzee huyu akija kwenu na karatasi yake, msimcheke na msimfukuze. Kaeni naye. Kile kinachoweza kuwatisha majirani, mwambieni wazi, ataelewa, maana alikuwa askari na anajua amri inayotokana na usalama. Yaliyobaki mpeni. Jina lake lisomwe kwa ukamilifu, na kazi yake itajwe kwamba alikuwa askari, bila kutaja nani alimshinda nani. Koplo wake atajwe. Bendera iachwe, mimi nimemshauri kitambaa cheupe, naye amesema atafikiri. Na wabebaji sita wa kimo kimoja hawakosekani katika kambi ya watu elfu hamsini.

Kwa ninyi vijana mnaomwita Afande kwa utani na kwa mapenzi, nina kazi ya kuwapa. Wapo wazee wengine. Yupo asiyeona kwa sababu ya mlipuko, yupo mwenye mkono mmoja anayeuza nyanya sokoni, yupo anayeshtuka kila bati likianguka. Chukueni daftari wiki hii, muende kwa mmoja wao, mchana, nyumbani kwake, na mlango uwe umefungwa kama anataka. Msimuulize aliua nani. Muulizeni jina lake kamili, mahali alikozaliwa, ndugu wa kupewa habari akifariki na namba zao za simu, dini yake, na namna anavyotaka kuzikwa. Kisha muulizeni nani alimbeba. Andikeni vyote kwa mwandiko unaosomeka, mfanye nakala mbili, moja abaki nayo yeye na nyingine apewe mtu anayemwamini. Na mkitoka hapo, mpite nyuma ya mlango mkaangalie kama kuna mguu wa bandia uliochoka, mje mniambie, tuanze kuchanga nauli ya Lilongwe.